Biskuti za Mnanaa na Uso wa Baba Mkwe

Kihesa, Iringa
Jumapili mchana

Mama yangu,

Mugonile. Nimeanza na salamu ya kwetu makusudi, usije ukadhani miezi minane ya kuitikia "kamwene" ya Wahehe imenifuta lugha. Magoti yako yanaendeleaje? Njia ya kwenda shambani imekauka, au bado mnavua viatu pale bondeni? Na kakao je, mmeanza kuvuna? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku tu ndiyo inayonichezea. Asubuhi nikifungua mlango natoa moshi mdomoni, mimi mtoto wa Kyela niliyezoea kulala bila shuka.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Mama, simu yako kaka Ambakisye huiweka spika, halafu nyumba nzima inachangia. Haya ya leo nataka uyasome peke yako, taratibu, ukimaliza ndiyo uamue kama utakasirika.

Naanza na biskuti, kwa sababu yote yametokea kwenye biskuti.

Mwezi uliopita nililiona dukani kopo la unga wa kakao. Nikasimama nalo mkononi mpaka muuza duka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Miaka yote tumepasua yale maganda, tumenyonya ule utelezi mtamu, tumefunika mbegu kwa majani ya migomba zikavunda, tumeanika, mnunuzi akaja akabeba. Sikuwahi kuuliza zinakwenda kuwa nini. Wewe umewahi kuuonja ule unga? Nilipofika nyumbani nililamba kijiko kikavu. Mchungu, mama! Nikawaza, ni nani huyo wa kwanza aliyeonja uchungu ule akasema tuongeze sukari tuone?

Basi nikaanza kupekua kwenye simu, nikakuta video ya dada mmoja anaoka biskuti za tabaka tatu: chini biskuti ya kakao, katikati krimu ya mnanaa, juu chokoleti. Mnanaa ule ule unaoota wenyewe kwenye maji ya bafuni hapa uani! Kichwani mwangu mnanaa ni dawa ya meno na dawa ya kifua. Nani aliyeuona akaikumbuka kakao? Sikupata raha mpaka nijaribu.

Yule dada ana oveni na friji, mimi nina jiko la mkaa. Nikaweka mchanga kwenye sufuria kubwa, moto chini, makaa juu ya mfuniko, kama tulivyokuwa tunaoka keki ya Krismasi. Mnanaa nikautwanga pamoja na sukari, nikakamua, nikachanganya na siagi. Mara ya kwanza niliharibu. Nilipaka krimu biskuti zikiwa bado za moto, ikateremka yote, nikabaki na uji wa kijani. Niliula mwenyewe kwa kijiko, maana sukari haitupwi. Mara ya pili nikaelewa kwamba kila tabaka lina zamu yake, lipoe na kuganda kwanza ndipo uweke jingine. Hapo nikaacha kuilaumu baridi ya Iringa. Sinia nalitoa nje, naliweka juu ya pipa la maji na kulifunika kitambaa, na kabla sijamaliza kuosha vyombo krimu imeshakaza.

Sasa nije kwenye lenyewe. Mficha uchi hazai.

Nilikuambia kwamba baba mkwe amekuja kukaa kwetu atibiwe macho. Sikukuambia kwamba tunashinda wawili tu. Mkweo Festo yuko Mgololo kwenye kazi yake ya kiwanda cha karatasi, anakuja mwisho wa mwezi, na mama mkwe kama ujuavyo alitangulia mbele za haki kabla sijaolewa. Basi nikafanya kama ulivyonifunza. Nikimsikia anakuja sebuleni, natokea mlango wa uani. Chakula naweka mezani, nagonga mlango wake, naondoka kabla hajatoka. Akiita naitika kimoyomoyo, naacha alichoomba mlangoni. Jina lake sijalitamka, na hata hapa siliandiki. Najua hata huko kwetu siku hizi wengi wameacha, lakini wewe uliniambia mwanamke aliyelelewa hamtazami baba mkwe wake usoni, nami nilitaka huku ugenini waone kwamba nina mama.

Wiki tatu hizo. Siku moja nilisikia bakuli likianguka, mboga ikamwagika. Nikasimama nyuma ya mlango. Nilisikia viganja vyake vikipapasa meza, halafu sakafu, vikitafuta. Nikajiambia hii ni heshima, nisiingie. Sikuingia, mama, na jambo hilo linaniuma hata sasa ninapoandika.

Alhamisi nikamsikia anaongea na Festo kwenye simu. "Kesho narudi kijijini. Jicho likibaki hivi na libaki. Siwezi kukaa nyumba ambayo mwenye jiko ananikimbia kama mimi kichaa." Na daktari ameshampangia Jumatano hii kumtoa mtoto wa jicho! Akienda kijijini na moyo ule, nani atamrudisha? Angebaki gizani maisha yake yote kwa sababu yangu. Nikarudi jikoni, biskuti ziko motoni.

Nilikuwa nimeinua mfuniko wenye makaa kwa mikono miwili nilipoona mlango umezibwa. Alikuwa amesimama, kiganja kimoja ukutani, pua juu. Jiko letu lina mlango mmoja. Kupita siwezi, na mfuniko wa makaa huwezi kuutupa.

"Kamwene, mwanangu," akasema.

Nikajibana ukutani na mfuniko wangu.

"Najua uko hapo. Niambie ukweli tu, sitakasirika." Akashusha sauti. "Hivi mimi nanuka?"

Mama, ungemsikia alivyouliza! Aliuliza kama mtu ambaye ameshalinusa shati lake mara nyingi chumbani.

Niliweka mfuniko chini nikalia. "Hapana, baba. Ni heshima. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe."

"Heshima ya kumkimbia mtu?"

"Ndiyo, baba."

Kwanza alikunja uso, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea mlango. "We mtoto we! Mimi toka mwaka jana hata mkono wangu siuoni. Ungepita hapa umevaa gunia ningejuaje? Nasikia tu mtu anahema, halafu hahemi tena." Akafuta machozi. "Na hii inanukia kama dawa ya kifua ndo nini?"

Nilimshika mkono. Nimeandika sentensi hiyo fupi ili uione vizuri. Nilimshika mkono nikamkalisha kwenye kigoda, nikampa biskuti iliyokuwa imeganda tangu asubuhi. Hakuila upesi. Alipitisha ukucha pembeni, polepole. "Hapa chini ngumu. Katikati laini. Juu ngumu tena. Umejengaje hii?" Alipouma akavuta hewa kwa mdomo. "Kinywa kimekuwa baridi! Na utamu uko pale pale."

Hapo maswali yakaanza. Majani nimetwanga au nimechemsha? Krimu haikimbii kwa nini? Kakao ni mti au mtambaa, unazaa kwenye matawi kama kahawa? Nikamwambia unazaa hata kwenye shina, akakataa, nikamwapia. Kumbe mzee mwenyewe ni mdadisi kuliko mimi! Nikamweleza habari zako na majamvi yako ya kuanikia, akasema mtu anayelima kitu kitamu namna hii bila kukila ana subira ya kupindukia. Alikula nne, ya tano akasema ni ya kifua.

Ijumaa hakuondoka. Festo nilipompigia alisema alidhani tumeshazoeana; wanaume bwana.

Jana jioni nilikuwa nachambua mchele, yeye kakaa pembeni anaota moto. Akasema, "Alhamisi wakinifungua kitambaa, nataka wewe ndo usimame mbele. Festo uso wake naujua. Wako siujui."

Niliinamia mchele wangu. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Mpaka sasa nimejitetea kwamba haoni. Alhamisi utetezi huo unakwisha. Atanitazama, nami nitamtazama. Naomba nikuulize jambo ambalo sijawahi kuthubutu. Uliniambia uliishi na babu, baba mkwe wako, kwenye boma moja miaka kumi na tisa, ukimjua kwa kikohozi na kwa mlio wa fimbo. Siku alipofariki akalazwa sebuleni na watu wakapita kumuaga, uliinama au ulitazama? Na kama uliinama, hukutamani?

Barua hii pamoja na kopo la biskuti anakuletea binamu wa Festo anayekuja Kyela kununua mchele. Basi likiteremka Igawa joto litaanza, chokoleti huenda ikashikana. Usijali, tenganisha kwa kisu. Msalimie kaka Ambakisye na umwambie azime spika. Msalimie mama mdogo wa kwaya, na bibi jirani aliyenifunga kanga siku ya kuondoka, mwambie kanga bado ipo.

Nitakupigia Jumatano, mzee akiwa chumba cha upasuaji. Ukitaka kunikanya nikanye, nitasikiliza mpaka mwisho, sitakata simu. Halafu Alhamisi asubuhi nitakwenda kusimama mbele ya kitanda chake na kuinua uso. Hilo nimeshaamua, mama, siombi ruhusa. Ninachokuomba ni kimoja: akinitazama, usiseme kwamba hukunilea.

Ndaga fijo, asante sana, mama.

Mwanao,
Atupele