Akamwani ya Mgeni Aliyezimwa

Jumanne, jioni, Rubwera, Karagwe. Ukungu umekaa juu ya vilima tangu asubuhi, na mimi nimekaa na hasira tangu Jumamosi ya wiki juzi. Mmoja wetu atatangulia kuondoka, na sidhani kama ni mimi.

Leo mchana nikiwa masijala, katikati ya mafaili, simu imelia. "Ndugu mteja, habari njema! Chaneli uipendayo imerudi." Ni ile kampuni ya programu ya kutazama televisheni kwa intaneti. Wamepatana na mwenye chaneli. Siku zote hizi walikuwa wanarushiana lawama: hawa wanasema mwenye chaneli anataka malipo makubwa mno, yule anatutangazia sisi watazamaji tuwapigie hawa simu tukawabane. Sasa wamekaa mezani, wamekunywa chai yao, wamemaliza.

Siku kumi tu.

Mama yangu na mdogo wangu Editha wana miaka mitatu hawajapatana.

Acha niandike, maana nikiyaweka kifuani yatachacha. Editha aliacha chuo cha ualimu akaenda kudaka mpira. Ni kipa wa timu ya wanawake huko Mwanza. Mama, ambaye nyumbani kwake Ndama kila mtu wa usharika anamjua, alisema hakuzaa mtoto wa kuvaa kaptula mbele za watu, na tangu siku hiyo jina la Editha halijatoka kinywani mwake. Akilazimika anasema "yule wa mpira". Majirani wote wanajua, kwa sababu aliwatangazia mwenyewe.

Mwezi uliopita nilimwambia kwamba timu ya Editha itaonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Alikuwa anamenya ndizi. Akamenya tatu nyingine kwanza, ndipo akasema, "Nitatazama. Mara moja tu."

Sasa maungamo yangu. Hiyo programu ni mimi niliyemwekea. Nilimnunulia televisheni mpya, nikamwambia dishi ni mambo ya kizamani, nikaling'oa pamoja na king'amuzi chake nikampa jirani, Mama Adventina. Nilijiona nimeendelea kweli.

Jumamosi ile ya mechi nilifika Ndama saa nane. Nikamkuta Mama amevaa gauni lake la Krismasi. Mlango wa mbele ameufunga ili asije mtu kumwona akitazama. Na juu ya kigoda, mbele ya televisheni, ameweka kikapu kidogo cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kifuniko kikiwa wazi.

Kwetu mgeni hupewa akamwani kabla ya maneno. Sikuuliza kitu. Nilielewa kwamba amemsamehe, na kwamba nikifungua mdomo nitaharibu.

Saa kumi kamili nikawasha. Kioo kikawa cheusi, na maandishi meupe katikati: Chaneli hii haipatikani kwa sasa.

Walikuwa wametuma taarifa asubuhi. Nilikuwa ndani ya gari, nikaona "Ndugu mteja", nikadhani ni matangazo yao ya kila siku, nikaifuta bila kusoma. Hilo nalo ni langu, sikatai.

"Wanasema nini?" Mama akauliza. Bila miwani haoni maandishi.

"Wamezima, Mama."

"Wamemzima yule?"

"Wamezima chaneli. Wanagombana wao kwa wao."

Akakitazama kile kioo. "Kwa ajili ya yule wa mpira?"

Nikamwambia hapana, hata hawamjui. Sijui kwa nini jibu hilo lilimuumiza zaidi, lakini niliona lilivyomwingia.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Muziki, kisha muziki tena. Wakati huohuo, ng'ambo ya migomba, kelele zikalipuka nyumbani kwa Mama Adventina. Kwenye dishi chaneli ilikuwepo. Kwenye dishi letu. Nikamwomba Mama twende, ni hatua chache tu. Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo. "Niende nikaketi kwake, baada ya yote niliyoyasema?"

Basi tukakaa palepale tukisikiliza watu wengine wakimshangilia mtoto wetu, au wakimlilia, hatukujua. Waliponyamaza, Mama akafunika kikapu akakirudisha chumbani.

Kesho yake kabla ya ibada Mama Adventina akapita. "Hongera, mama. Binti kadaka penalti. Tumepiga kelele mpaka kuku wakakimbilia shambani. Mmeona?"

"Tumeona," Mama akasema.

Mama yangu hasemi uongo.

Hilo ndilo nisilowasamehe. Si mpira, mpira utachezwa tena. Wamemfanya mama yangu adanganye Jumapili asubuhi, akiwa na Biblia mkononi.

Nimelipiza, na sijamaliza. Hapa halmashauri mimi ndiye niliyekuwa mhubiri wao wa bure. Karibu kila mwenye programu hiyo, ni mimi niliyemvuta. Wiki yote iliyopita nimepita meza kwa meza. Afisa mifugo, mama wa mapokezi, hata mlinzi wa geti, nimesimama nyuma ya kila mmoja mpaka akaifuta kwa kidole chake mwenyewe. Afisa mifugo alijitetea kwamba kifurushi chake bado kina siku. Nikamwambia azihesabu kuwa sadaka. Na kampuni nimeipa nyota moja mtandaoni, na maelezo marefu. Mchungaji akisoma hapa anisamehe, lakini nimeona raha.

Na hilo neno "ndugu" waache kulichezea. Kwetu ndugu ni anayefika msibani. Ndugu haondoi kiti chako katikati ya karamu, halafu siku kumi baadaye akuletee kiti kilekile akisema habari njema.

Ila wamebaki na kitu kimoja cha kunishikia. Mimi mwenyewe sikuwa nimeifuta, maana kifurushi cha televisheni ya Mama nakilipia humohumo. Jumamosi hii Editha anacheza tena, na ni kwenye chaneli hiyohiyo. Nikiifuta, namkomoa nani? Nimeketi na simu mchana kutwa, kidole juu ya kitufe, nikijiona mjinga. Kuwarudia siwezi, kumnyima Mama siwezi.

Nimemwandikia Editha kumuuliza wanacheza wapi.

Bukoba.

Bukoba ni gari moja tu kutoka Karagwe! Hasira ilinipofusha nisiulize swali dogo kama hilo. Nilipotoka kazini nimempigia Mama, nikamwambia safari hii televisheni hatuihitaji, twende wenyewe tukakae uwanjani. Nimesikia mvua kwenye bati lake, na mbuzi akilia.

"Huko uwanjani," akasema, "nako kuna mtu anayeweza kumzima Editha?"

Nimemwambia hakuna. Kisha, Mama akiwa bado hewani, nimeifuta.