Niliunga, Sikuziba

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, kwa sababu siku hiyo mashine ya kuchanganya zege inakuja, na ikishakuja sitakuwa na la kuomba tena.

Mimi ni fundi ujenzi, huu ni mwaka wa kumi na tatu, na mama mkwe wangu anaumwa kifua, chumba anacholala sakafu yake inatoa unyevu mpaka godoro linaota ukungu upande wa chini, daktari amemwambia ahame, kwa hiyo mimi na mke wangu tukaamua kumjengea chumba nyuma ya nyumba yetu, na nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe mbele ya shemeji zangu wote kwamba sakafu hiyo nitaimwaga mimi na haitapitisha hata jasho. Nilishindilia kifusi, nikaweka mchanga laini juu yake, nikatandika ile nailoni nene nyeusi ya kuzuia maji ya ardhini, vipande vitatu kwa sababu kimoja hakikutosha upana, kila kipande kikalalia ukingo wa mwenzake kama kiganja na nusu, vizuri kabisa, ila pale kwenye maungio ndipo nilipofanya ujinga, maana utepe wa kuzibia uliniishia nikiwa nusu ya ungio la kwanza, dukani wakaniambia nisubiri siku tatu, nami nikaona siwezi kukaa bure, nikatandaza wavu wa nondo juu yake nikijiambia nitarudi.

Lazima nikueleze kwamba mama mkwe ananiita Bado Kidogo. Alinipa jina hilo mwaka niliooa, kwa sababu kila alipouliza kazi imefikia wapi nilimjibu hivyo, mlango wa jiko lake ulinichukua miezi saba, na sasa hata wanangu wananiita hivyo wakidhani sisikii. Basi siku ile akaja na fimbo yake, akasimama mlangoni, akaitazama nailoni inavyong'aa chini ya wavu, akaniuliza, "Umeziunga zote?" Nikamjibu, "Nimeziunga zote, mama." Kwetu mafundi kuunga ni kulaza kipande juu ya kipande, kwa hiyo sikusema uongo, lakini nilijua fika kwamba yeye anauliza kama maji hayatapita. Akacheka, akanishika bega, akasema, "Leo nimekufutia lile jina."

Mshauri, nina miaka kumi na mmoja katika familia hii na sikuwahi kushikwa bega. Tangu hapo amewapigia simu wanawe wote kuwaambia kwamba mkwe amemaliza kabla ya siku, na utepe umefika dukani tangu juzi, lakini ili niuweke lazima niinue wavu wote, na yeye anashinda pale uani kwenye kiti chake, ataniuliza nafumua nini. Mwenzangu wa kazi anasema niache, uzito wa zege utazibana zile nailoni wenyewe na hakuna atakayeona. Mke wangu nimemweleza, akanijibu kwamba yeye habebi mdomo wangu, nikaseme mwenyewe. Je, nimwage au nifumue? Na nikifumua, nimwambie nini?

Bado Kidogo

*

Bado Kidogo,

Nakuita hivyo kwa sababu ndivyo ulivyotia sahihi, na kwa sababu moyoni unajua hujafutiwa.

Mahali pamoja nimekuonea huruma, pale pa bega. Miaka kumi na mmoja ni mingi kusubiri neno jema, na lilipokuja likakukuta na kazi ambayo haijaisha. Inauma, nakubali. Huruma yangu inaishia hapo.

Umejificha nyuma ya neno. Mama alikuuliza kuhusu kifua chake, wewe ukamjibu kifundi. Mimi sijui hata kushika mwiko, kwa hiyo nilimpigia simu fundi mmoja mstaafu nikamsomea barua yako. Akaniuliza kama huyo mwenzako naye ana mama mkwe. Akanifahamisha kwamba unyevu hauanguki kutoka juu ili ubanwe na uzito. Unapanda kutoka chini, taratibu, na ukipata upenyo mwembamba kati ya nailoni mbili utautumia mchana na usiku. Tena zege likimwagwa linasukuma: ukingo usioshikwa hukunjika, mchanga ukaingia katikati, na ungio likaachama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe utavunja sakafu, mgonjwa akiwa juu yake.

Kwa hiyo fumua, na uanze kesho asubuhi. Lakini kabla hujagusa hata waya mmoja, nenda kwenye kile kiti, chuchumaa, umwambie: "Mama, niliunga, sikuziba. Leo naziba." Usianze na habari za duka wala za siku tatu. Atakasirika, na huenda jina likarudi na nyongeza. Lipokee, ni lako.

Kisha fanya kazi. Inua wavu uuegemeze ukutani, na uikague nailoni yote, kwa sababu nondo hutoboa. Kila tundu liwekee kiraka. Futa kingo kwa kitambaa kikavu, maana utepe haushiki penye vumbi wala umande, na mstaafu wangu anasema hapa ndipo wengi huharibu kwa haraka zao. Weka utepe wenye gundi pande mbili katikati ya kipande na kipande, ukandamize kwa kiganja hatua kwa hatua bila kuacha makunyanzi, ndipo upitishe utepe mwingine juu ya ukingo. Kama kuna bomba linalotokeza, lizungushie vilevile, na pembeni nailoni ipande ukutani hadi juu ya usawa wa sakafu. Wavu ukiurudisha usiuburute, ubebeni watu wawili muukalishe juu ya vijiwe, na toroli la zege lipite juu ya mbao.

Kabla wavu haujarudi, mwite mama aje apitishe kidole kwenye kila ungio mwenyewe. Aiache ile fimbo mlangoni, hatutaki tundu jingine. Mwenzako wa kazi naye awepo, asikie mama anavyouliza maswali.

Ikifika Jumamosi na ungio moja tu halijashika, mrudishe mwenye mashine, na shemeji zako uwapigie simu wewe. Wiki moja zaidi katika chumba cha zamani mama ataivumilia, ameshavumilia miaka. Asichoweza kuvumilia ni kutolewa kwenye unyevu ule na kuingizwa kwenye mwingine, uliofunikwa kwa zege na mkwe aliyemwamini.