Ukurasa wa Mkeka Usiouzwa

Kiegeani, Mafia
4 Februari 2025

Mwanangu Taufiki,

Assalaam alaikum. Natumai u mzima na vumbi la Dar halijaamsha pumu yako. Mimi sijambo, nimo ndani na eda yangu, mwezi wa pili sasa tangu baba yako mdogo Ukasha atutoke. Kwa simu sauti hunikatika, ndiyo maana naandika.

Ni habari ya duka lake la mtandaoni, lile ulilomfungulia wewe. Kila anayetafuta mikeka ya Mafia kwenye simu yake analetwa kwenye ukurasa mmoja tu, wa mkeka wangu wenye mistari ya zambarau. Chini yake baba yako mdogo aliandika: Hauuzwi. Watu wanasoma, wanaondoka. Wengine wanapiga. Jana bwana mmoja wa Arusha kaniambia, "Mama, kila kitu kina bei yake." Nikamjibu mkeka huo haupo. Sikumwambia kwamba ndio aliolazwa Ukasha siku ya maziko, kisha nikautoa sadaka msikitini.

Mikeka tisa imekunjwa chumbani. Tangu tuzike hatujauza hata mmoja. Somoe na Faraja wanauliza waendelee kusuka nami au warudi kwenye mwani.

Mama yako mdogo,
Biubwa

*

Dar es Salaam
7 Februari 2025

Mama mdogo, shikamoo.

Waalaikum salaam. Mimi mzima, pumu imetulia. Bado sijajisamehe kwa kuikosa boti ya Nyamisati, nikafika Mafia watu wameshatoka makaburini. Hili la duka naomba uniachie.

Nimelifungua leo. Mna mikeka ya aina sita, lakini baba mdogo alitengeneza kurasa arubaini na moja. Kila mteja alimfungulia ukurasa wake: "Mkeka wa Bi Nunu wa Tanga, mwekundu, futi sita kwa nne." Ukishauzwa, ukurasa anauacha pale pale. Niliwahi kumwambia arekebishe ule ule mmoja. Akanicheka: "Wewe, mtu akija kwangu hukunjuliwa mkeka wake, hapewi wa jirani."

Sasa ile mashine ya kutafutia inakuta kitu kile kile kwenye anwani chungu nzima, haijui ipi ndiyo yenyewe. Na kuna jambo jingine. Chini ya kila ukurasa aliandika, "Msukaji ni mke wangu, mtazame hapa," na ukibonyeza hapo unapelekwa kwenye mkeka wako wa zambarau. Kurasa arubaini zinaonyesha mahali pamoja. Mashine imeamini kwamba hapo ndipo mlango wa duka.

Dawa yake ni kubakisha kurasa sita, na anwani zote za zamani zimpeleke mtu kwenye hizo. Na ukurasa wako pia. Atakayeufungua atapelekwa kwenye mikeka ya kuuza. Lakini na wewe hutauona tena. Nifanye?

Mwanao,
Taufiki

*

Kiegeani
10 Februari 2025

Mwanangu, marahaba.

Sikujua habari ya hayo maneno ya chini. Nilikuwa natazama picha tu. Somoe kanisomea yote arubaini, kila akifika mwisho anasema, "Mtazame hapa," mpaka nikamwambia basi, mwenzangu, nimeshatazamwa.

Ule wangu naufungua kila siku baada ya alfajiri. Ukitazama vizuri pembeni kuna kidole cha mguu wangu. Siku ile Ukasha alipanda juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi apate kuupiga picha mkeka wote, akaniambia nisogee. Nikasema sisogei, mkeka wangu. Akapiga hivyo hivyo, kibao kikalegea, nusura adondoke.

Kwa hiyo nakuuliza, kwa kuwa mimi sijui mambo hayo. Hakuna namna ukurasa ukawepo lakini usitoke nje? Mimi mwenyewe niko hivyo sasa. Nipo, napika, nasuka, ila barazani sionekani. Anayenijua anapita mpaka ndani.

Ikishindikana, nitakubali. Mikeka ya watu haiwezi kuoza chumbani kwa sababu ya kidole changu. Lakini majina ya wateja wake ninakilie kwanza.

Mama yako mdogo,
Biubwa

*

Dar es Salaam
15 Februari 2025

Mama mdogo, shikamoo. Natumai miguu haikuvimbi kwa kukaa.

Namna ipo, na naona haya kwamba sikuifikiria mimi. Nimeuwekea ukurasa wako alama ambayo mashine ikipita inaisoma: huu usiuonyeshe kwa wanaotafuta. Ukurasa wenyewe uko pale pale na kidole chako. Anwani yake andika kwenye karatasi, kwa sababu hapo tu ndipo pa kuingilia. Anwani nyingine sasa zinaelekea kwenye kurasa sita, na yale maneno ya chini yanampeleka mtu kwenye mikeka yote. Majina nimeyanakili, nakutumia pamoja na barua hii.

Haitakuwa leo wala kesho. Mashine inapita kwa wakati wake, pengine wiki kadhaa. Mwambie Faraja avumilie.

Mwanao,
Taufiki

*

Kiegeani
3 Aprili 2025

Mwanangu Taufiki,

Idd njema, na swaumu zetu Mungu azipokee. Sijambo.

Karibu mfungo mzima simu ilikaa kimya. Faraja alichoka, akarudi kwenye mwani. Akaniambia, "Dada Biubwa, mwani hauna anwani lakini unanunuliwa." Sikumlaumu.

Kumbe siku mbili kabla ya Idd akapiga mama mmoja wa Morogoro. Anataka mitatu, ya ukili mwembamba, kaiona kwenye ukurasa wake barabara. Jana wengine wawili. Hakuna aliyeuliza ule wa zambarau. Nilipokata simu nikatambua kwamba nilikuwa nangoja waulize.

Mama yako mdogo,
Biubwa

*

Dar es Salaam
10 Mei 2025

Mama mdogo, shikamoo. Mama kaniambia eda yako inaisha kesho. Mungu akutoe salama.

Nina swali moja. Ile alama kwenye ukurasa wako naweza kuiondoa mara moja. Ukitoka wewe, nao niutoe?

Mwanao,
Taufiki

*

Kiegeani
16 Mei 2025

Mwanangu, marahaba.

Nimetoka, alhamdulillahi. Nilipanda bodaboda mpaka Kilindoni na mikeka minne mapajani, kijana wa watu anaendesha kama amebeba mayai. Nikaipeleka mwenyewe kwenye boti. Faraja amerudi, kakaa na ukili wake.

Kurudi nikapita msikitini. Mwadhini Shaibu alikuwa ameanika mikeka ukutani, na wangu umo. Ukingo umefumuka kwa nyayo za watu. Nikaomba sindano, nikaushona pale pale nje. Sikulia mpaka nilipomaliza.

Ukurasa uache ndani. Lakini neno la Hauuzwi lifute, uandike: Uko msikitini Kiegeani, unaswaliwa. Atakayefika kwa anwani asome hivyo.

Nimeanza mwingine wa zambarau, futi sita kwa nne. Ni wako. Huu usiufungulie ukurasa, njoo uuchukue, twende wote makaburini.

Mama yako mdogo,
Biubwa