Blanketi la Kaburi la Baba Yake

Mpendwa mshauri, Bibi Selloane, nakusoma kila Jumatatu na naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi nikikosea sijui nitaishije, na hapa Mafeteng sina wa kumweleza kwa sababu wote niliowaeleza ndio walionifikisha hapa.

Mimi ni mjane na ni mama wa sala katika kanisa letu tangu nikiwa mke kijana, sare yetu ya blauzi nyekundu na kola nyeupe nilivishwa na marehemu mke wa mchungaji wa zamani kwa mikono yake mwenyewe, na kila Alhamisi mchana utanikuta kanisani na wenzangu, tukiimba, tukiombea wagonjwa, tukipanga nani atapika kwenye msiba wa nani. Mwanangu wa kwanza ni Tšeliso. Nilipoolewa wakwe zangu waliniita 'Matšeliso, yaani mama wa Tšeliso, kabla hata sijashika mimba, kama ilivyo desturi yetu, naye alipozaliwa akalikuta jina lake linamsubiri, na tangu siku hiyo hakuna mtu anayeniita kwa jina jingine. Sasa ni muuguzi Mangaung, ng'ambo ya mpaka, na ndiye aliyemuuguza baba yake mpaka mwisho, akimgeuza kitandani na kumnyoa ndevu wakati sisi wengine tuko jikoni tunalia.

Krismasi alikuja na rafiki yake Kananelo, kijana mpole, akapasua kuni, akasonga ugali, akaosha vyombo bila kuambiwa, hata Mama 'Malineo, mwenyekiti wetu wa akina mama wa sala, akamtania kwamba angekuwa binti angemtolea ng'ombe yeye mwenyewe awe mkwe wake, tukacheka sana. Siku ya kuondoka Tšeliso alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba akaniambia, "Mama, yule si rafiki tu. Ndiye ninayeishi naye, na sitaleta mke hapa." Sikumtukana, Bibi, nilimwambia tu kwamba wanachelewa teksi.

Mzigo ukanishinda, nikaupeleka kwa Mama 'Malineo kama ombi la siri, nikamsihi tuombe sisi wawili tu, akanishika mabega akalia na mimi. Alhamisi iliyofuata akasimama mbele ya akina mama wote, akafumba macho, akaomba kwa sauti ya kusikika barabarani, "Baba, mwangalie Tšeliso, mtoto wa dada yetu, anayelala na mwanamume mwenzake," na akamtajia Mungu mji na mtaa na hospitali anayofanya kazi, kana kwamba Mungu angepotea njia. Wengine waliitikia amina. Mimi nilikaa nimefumba macho hata baada ya sala kwisha kwa sababu niliona aibu kuyafumbua.

Sasa Jumamosi hii tunafunua jiwe la kaburi la mume wangu. Unajua jiwe hufunikwa blanketi na mtoto wa kwanza ndiye huliondoa watu wakaliona jina. Tšeliso alinunua blanketi zito la kahawia lenye picha za mabunzi ya mahindi, lile baba yake alilolitamani maisha yake yote asilipate, akalituma kwa dereva wa teksi ya abiria inayovuka mpaka. Mama 'Malineo alilikuta kwangu kitandani akauliza limetoka wapi, nilipomwambia akasema blanketi lililonunuliwa na mkono ule halitagusa kaburi ambalo akina mama wa sala wataliimbia. Niliogopa, Bibi. Nililikunja nikampa dereva yule yule alirudishe. Wewe ni Msotho kama mimi, huhitaji kuambiwa kwamba kumrudishia mtu blanketi ni kumwambia si wako tena.

Jioni mwanangu akapiga simu akasema, "Blanketi limefika, mama. Asante." Akakata, na tangu hapo hapokei.

Na akina mama wa sala bado hawajaridhika. Wanataka Alhamisi nisimame niseme mbele ya wote kwamba Tšeliso si mtoto wangu mpaka atubu, la sivyo watanivua blauzi, na Jumamosi hawatakanyaga kwangu, hawataimba wala hawatapika. Nilikwenda kwa Mchungaji Ramaili, akaniambia tunampenda mwenye dhambi na tunachukia dhambi, na kwamba kumtenga mtu ni upendo pia maana humrudisha, halafu akanisindikiza mlangoni mbiombio kama mtu mwenye chungu jikoni. Upendo gani huo? Mume wa Mama 'Malineo ana nyumba nyingine Quthing, mke na watoto, kila mtu anajua, na Alhamisi tunamwombea afya njema. Nina hasira nao wote, na nina hasira na Tšeliso vilevile, kwa nini asingenyamaza kama wengine wanavyonyamaza. Nampenda Yesu. Blauzi ile ndiyo nilitaka kuzikwa nayo. Niambie nifanye nini.

'Matšeliso, Mafeteng

* * *

'Matšeliso, binti yangu,

Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikaenda kuchemsha chai ili nisikujibu kwa hasira. Chai imepoa, hasira ipo palepale, basi pokea jibu hivyo hivyo.

Pole kwanza. Ulipeleka siri kwa mtu uliyemwamini akakuanika mbele ya watu, na akathubutu kuliita tendo hilo sala. Ule ni umbea uliofumbwa macho. Mungu haombi anwani ya mtu. Waliohitaji anwani ni wale waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi, na yeye alijua.

Najua unasubiri nikuambie Biblia inasema nini juu ya mwanao. Wakristo wanaisoma kwa njia tofauti, nisikudanganye. Wako wanaosoma Walawi na nyaraka za Paulo wakaona ni dhambi, na wengine kati yao wanaamini hivyo kwa moyo mweupe, sitawacheka. Wako wanaosoma Biblia ile ile wakasema Mungu hakukosea alipomuumba Tšeliso, na mimi nimekaa karibu na hao. Ubishi huo hautakwisha kabla ya Alhamisi. Lakini waambie wa upande wowote wanionyeshe mahali Yesu alipomwagiza mama asimame mbele ya watu amkane mtoto wake ili aruhusiwe kuimba. Ninayemkumbuka aliyemkana mtu mbele ya watu ni yule mwanafunzi wake, na jogoo alipowika alitoka nje akalia. Na siku walipomletea Yesu mwanamke waliyemfumania, walioondoka ni wenye mawe.

Mchungaji wako anasema kumtenga humrudisha mtu. Muulize ni wangapi amewatenga wakarudi, na kama amewahi kwenda kuwatazama.

Hiyo nyumba ya Quthing iache. Inauma, na mimi imeniuma kuisoma, lakini ukianza kupima dhambi za mume wa mwenzako utakuwa umejiunga na kamati yao, na wamekuwekea kiti.

Sasa nikugeukie wewe. Blauzi umenieleza rangi yake, kola yake, aliyekuvisha, na kwamba unataka kuzikwa nayo. Hukuniambia kama mwanao anakula, kama analala, kama ana mtu wa kumwambia pole. Kijana aliyemnyoa baba yake ndevu akiwa anakufa amerudishiwa blanketi la kaburi la baba huyo huyo kwa mkono wa dereva, kama kifurushi kilichokosea nyumba, naye akakushukuru. Nashangaa uliipokeaje asante ile ukabaki umekaa. Halafu unauliza kwa nini asingenyamaza. Wangapi wananyamaza, binti yangu, wanakuja nyumbani Krismasi wakakaa kwenye viti kama wageni mpaka mama zao wanakufa bila kuwajua? Yeye alikuchagua wewe akuambie, na jibu alilopata kwako mpaka leo ni kwamba anachelewa teksi. Umemkosea, nami sitakuambia vinginevyo ili ulale vizuri.

Basi sikiliza. Simu usimpigie tena. Kesho Jumanne chukua pasipoti yako, panda teksi hiyo hiyo uliyoipa blanketi, uvuke mpaka ukabishe mlango wao. Usiende na mchungaji, wala mistari ya Biblia. Mwambie umekosea, umekuja kulichukua blanketi la baba yake kwa mikono yako, na umekuja kumwomba aje aliondoe yeye kwenye jiwe Jumamosi, na Kananelo aje naye kama alivyokuja Krismasi. Ugali ukisongwa, kula. Huelewi mambo yao, sawa, hata mimi yako mengi siyaelewi, lakini mtu hahitaji kuelewa yote ndipo akae mezani na mtoto wake. Akikasirika, kaa umsikilize mpaka amalize, maana ana haki. Akikataa kuja, usimlilie mpaka akubali kwa huruma. Mwambie mlango uko wazi, kisha wewe urudi nyumbani.

Chakula cha Jumamosi waombe ndugu za mume wako na majirani, masufuria hayavai blauzi. Nyimbo unazijua zote, anzisha wewe, watakaoitikia wataitikia.

Na Alhamisi uende, tena uwe umevaa. Usiivue blauzi mwenyewe, usiikunje ukawapelekea, utawarahisishia kazi. Wakiitaka, Mama 'Malineo aje akufungue vifungo kwa vidole vyake, wenzake wote macho wazi, wasifumbe. Lakini kabla hajakugusa itabidi akuite usimame, na jina la kukuitia analo moja tu. Akisema "'Matšeliso," mwitikie kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba ndiye wewe, kisha ukae.

Bibi Selloane