Kizuizi Kisichokuwepo

Jumatatu, 4 Machi
Makala imekubaliwa! Profesa kapita kila meza akipiga makofi. Picha yangu itakaa kwenye jalada la jarida: kile kimeng'enya kinachobandika yubikwitini, yaani lebo ya "tupa hii", kwenye protini za seli, na mgongoni mwake kizuizi chetu, protini tuliyoiunda wenyewe, kimekiganda kama kupe. Miaka mitatu ya jasho! Mke wangu kanikumbatia hadi mbavu zikalia.

Jumatano, 6 Machi
Nilikuwa naandaa picha ya jalada, nikataka wingu la kizuizi lionekane safi. Maana ukiipiga fuwele ya protini kwa eksirei, haikupi protini yenyewe, inakupa mawingu ya elektroni. Wewe ndiye unayepachika umbo ndani yake. Na kompyuta ni mnafiki — ukishapachika kitu, inaanza kukuchorea wingu la kukuunga mkono. Ndiyo maana mtu hukitoa, akapiga hesabu upya, aone kama wingu linabaki. Wakati wa kuandika makala nilikuwa na haraka. Sikufanya. Leo nimekitoa kizuizi.

Wingu limetoweka. Lote!

Nimerudia mara nne. Kwenye fuwele yangu kuna kimeng'enya peke yake. Kizuizi nilikiona kwa sababu nilitaka kukiona. Makala inachapwa tarehe ishirini. Naogopa, naogopa sana.

Alhamisi, 7 Machi
Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 8 Machi
Mke wangu kaniona sili, nikamweleza yote. Akasema niende kwa Profesa leo hii hii, mficha maradhi kifo humuumbua. Nimekwenda. Nimefika mlangoni, nikamsikia akimwambia mtu kwenye simu kwamba mimi ni kama mwanawe wa kumzaa. Nikageuza. Mwoga mkubwa mimi!

Jumatatu, 11 Machi
Balaa. Mama Pacha, mwenzangu wa meza ya dirishani, ameunda kizuizi cha pili kwa kufuata picha yangu. Ndiyo tasnifu yake, na likizo yake ya masomo inaisha Juni. Leo kaingia anacheza — picha yake imetoka! Kizuizi chake kimekaa palepale pa changu. Profesa kasema sasa tuna mashahidi wawili, wenye wivu wajinyonge.

Nikamuuliza alianza kwa kupachika umbo lipi. Lako, kaka, kasema, la nani tena?

Nimekwenda kujifungia chooni. Mashahidi gani? Kanakili kosa langu bila kujua, na wote wanashangilia.

Jumanne, 12 Machi
Saa nne asubuhi. Mama Pacha kaniletea kompyuta yake nimwangalizie, saa sita anatuma tasnifu. Nimemwambia atoe kizuizi, apige hesabu upya. Kauliza ya nini. Fanya tu, dada yangu, nikasema. Hakubisha. Ananiamini, na hilo ndilo linaloniua.

Naandika nimeinama, asiuone uso wangu. Yeye yuko kwenye simu na mama yake — pacha wavalishwe viatu vipya jioni, mama yao kamaliza shule. Wanacheka wote wawili, namsikia bibi hadi huku.

Hesabu imefika asilimia sabini na moja.

Kaweka simu. Ananiuliza mbona natoka jasho na feni iko juu yangu. Nimesema joto.

Asilimia tisini. Amevuta kiti, aone vizuri.