Andiko Uliloniomba, Baba

Shikamoo Baba.

Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Bonga, na viwavi hawajamaliza mahindi. Mimi ni mzima. Huku Ujerumani baridi imeanza, vidole vinauma hata kushika kalamu, na chuoni ni Kiebrania asubuhi, Kiebrania jioni. Mama nimeongea naye kwa simu, kwa hiyo habari zake usijisumbue kunieleza.

Uliniagiza nikuandikie andiko la Kiebrania linalosema binti mwenye mimba asiyeolewa asikanyage boma la baba yake, ili ulisome mbele ya wazee wenzako wa kanisa. Ukasema limo kwenye Mambo ya Walawi. Nimesoma kitabu chote, Baba. Nikaenda kwa mwalimu wangu, mzee mmoja mkali, nikamuuliza nimeruka wapi.

"Nani kakuambia limo?"

"Baba yangu. Ni mzee wa kanisa."

Alicheka mpaka akavua miwani. Niliona aibu, lakini sikukutetea.

Halimo. Lililomo ni kwamba mwanamke aliyejifungua asiingie patakatifu mpaka siku zake za kutakaswa ziishe, na hata mwenye ndoa yake anahusika. Hayo ya boma, ya mvua kukatika, ya ng'ombe kutupa mimba akipita binti wa namna hiyo, ni mila za babu. Kila ibada unajisifu kwamba ulipookoka ulichoma vitu vyote vya babu. Uongo mtupu! Hiki kimoja ulikibakiza, ukakivisha kanzu ya Musa, kwa sababu kinakufaa.

Na Neema, mtoto wako wa mwisho, analala kwenye kibanda cha mbuzi huko Singe, miguu imevimba, mwezi wake umefika. Umesema atajifungulia hukohuko. Kijana aliyempa mimba anaimba kwaya kila Jumapili, na wewe unampa mkono mlangoni. Torati ina makali yake, sifichi. Ila kwa jambo hili inaanza kumkamata mwanamume: atoe mahari, amuoe. Hilo mbona hukuniomba nikutafutie?

Haya, andiko lako hili hapa, usije ukasema nimekunyima. Mwanzo, sura ya thelathini na nane. Yuda anaambiwa mkwewe Tamari ana mimba ya uasherati. Anaamuru atolewe nje, achomwe moto. Tamari anatoa fimbo na muhuri wa mwanamume aliyempa mimba, na ni vya Yuda mwenyewe. Hii imo kwenye Kiebrania, hakuna aliyeiongeza baadaye.

Mama ameniambia nilizaliwa wapi. Si hospitali, kama mlivyonidanganya miaka yote. Alinizaa kibandani, hukohuko Singe, peke yake, kabla hujamuoa, kwa mila hiihii. Mimba ilikuwa yako na wewe ulikuwa kwenu, umelala ndani. Yeye mwenyewe kaniruhusu niandike. Kasema amechoka.

Msalimie shangazi wa Bagara anayempelekea Neema uji. Mwambie asijifiche tena. Bibi mpe shikamoo yangu. Wazee wa baraza nawaamkia wote, kwa heshima.

Uliomba barua ya kuwasomea. Wasomee yote, usiruke mstari. Na wakiuliza Yuda ni nani siku hizi, simama.

Mwanao wa kibandani,
Samweli