Baba Bupe Anataka Kuoa

Mama Bupe,

Mumeo anataka kuoa. Nimeona nianze na hilo, maana wewe hukupenda mtu anayezungukazunguka. Anayemtaka ni mjane mmoja wa kijiji cha Suma, anauza maparachichi sokoni hapa Tukuyu, na sikufichi, ana maneno. Ukinunua kwake unaondoka unajua habari za ukoo mzima.

Wanao wamekuja kwangu. Bupe ndiye aliyesema, wadogo zake wakiwa nyuma yake. "Mama mdogo, wewe ndiye uliyeachiwa na mama kazi yake ya kusuluhisha ndoa za watu. Mwambie baba aache." Anataka jibu Jumapili baada ya ibada. Mwaka umepita tangu tulipokuzika, na bado sijazoea kuitwa niamue mambo ya nyumba yako.

Nimechoka, dada yangu. Watu wa kusuluhishwa wameongezeka tangu uondoke. Ni walewale wa umri wetu: watoto wameenda Mbeya na Dar, wazee wamebaki wawili mezani, hawajui waanzie wapi. Juzi nilikuwa na mwanaume wa Matwebe, wajukuu anao, kapaka nywele piko, kanunua pikipiki, anamwambia mkewe anatafuta amani. Mke analia, mimi najizuia kucheka, na nikitoka hapo mgongo unauma kama nimelima. Mchungaji ametupatia chumba nyuma ya kanisa, kina viti vya plastiki. Namshukuru, ila watu wakikaa pale wanatazamana kama wako mahakamani.

Kwa hiyo kwa Baba Bupe nilikwenda na njia yako. Ulinifundisha kwamba mtu mzima haulizwi mambo ya ndani uso kwa uso. Unamfuata kwenye kazi yake, unashika na wewe, macho yanabaki kwenye kazi, na ulimi unalegea wenyewe. Nakumbuka uliponipeleka Lufingo kwa wale mtu na mkewe waliokuwa hawasemezani. Tulimenya ndizi na yule mama mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, hujauliza swali hata moja. Mimi nakukonyeza, wewe unaniambia, "Menya." Mwisho akaanza kusema mwenyewe. Tukarudi tumelowa mvua, na njia nzima unanicheka kwamba nimemenya vibaya.

Basi nikajifunga kanga, nikaingia na mumeo kwenye shamba lenu la chai, yeye mstari wake, mimi wangu. Nilitegemea atasema habari za chakula, za kufuliwa, za nyumba kuwa baridi. Majibu nilikuwa nayo. Akasema bila kunitazama: "Mama Neema, mwenzangu nilimpenda. Lakini alikuwa anarudi nyumbani amekwisha. Namuuliza umeshindaje, anasema salama. Namuuliza nini kimekuchosha, anasema kazi. Miaka yote nimelala na mtu anayejua ya kila nyumba Rungwe, na ya kwake mimi siyajui." Akatupia majani kikapuni. "Huyu wa Suma anaongea sana. Wanangu wanaona ni kasoro. Mimi ndicho ninachomfuatia."

Nikajikuta nachuma mpaka majani magumu, yale ambayo kiwandani wangeyakataa.

Nilikukasirikia, Mama Bupe. Tangu siku ya kwanza uliniapisha kutunza siri za watu, nami nimezitunza, wala sijutii. Siri za watu ni za watu. Lakini uchovu ulikuwa wako. Huo ungemwambia. Ungemwambia leo nimesikia mazito, kaa karibu, usiniulize. Hapo ungekuwa umetoa siri ya nani? Halafu hasira ikanirudia mwenyewe, maana Baba Neema wangu naye ameacha kuniuliza, na sijui aliacha lini. Anakula huku anaangalia simu, mimi naosha vyombo, tunalala. Nilikuwa nadhani ananihurumia.

Jumapili nitamwambia Bupe baba yake aoe. Atalia, na ataona nimekusaliti. Akitaka sababu nitamwambia baba yako anahitaji mtu wa kuongea naye, basi. Hayo mengine ya kwenye chai hayatoki kwangu. Sitaki wanao wakukumbuke kwa hilo, wakati mimi najua nyumba ngapi zimesimama kwa sababu ulikwenda kumenya ndizi za watu. Siku ya ndoa nitakaa upande wa Baba Bupe. Nikilia, watu watasema ni furaha, na mimi nitawaacha waseme.

Pumzika sasa. Ndaga fijo, asante sana kwa yote, hata kwa hili linaloniuma. Kazi yako nitaendelea nayo, nakuahidi, na nitaifanya kama ulivyonionyesha. Ila nikifika kwangu sitakuwa kama wewe. Unisamehe.

Baba Neema ameingia sasa hivi, anakung'uta mvua mlangoni. Hajaniuliza kitu. Nitaanza mimi.